Kikapu cha kina dada vyuoni Marekani: mashindano ya konferensi yana kazi gani kama aliyefungwa naye anaenda NCAA?

Mgeni_wa_Kikapu

Wakuu heshima kwenu. Mimi kikapu cha kina dada wa vyuo nilianza kukifuatilia kipindi cha Caitlin Clark, yule nyota wa chuo cha Iowa, kama wengi humu, akaenda zake WNBA, ligi ya kulipwa, mimi nikabaki, maana nilishanogewa. Sasa kuna kitu kila ikifika mwezi wa tatu kinanivuruga na sijapata mtu wa kunielewesha vizuri.

Timu zinacheza ligi ya konferensi yao (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) wiki na wiki mpaka mwisho wa Februari huko, konferensi ya Big Ten mechi 18, ya SEC mechi 16, bingwa anapatikana, kikombe anabeba, picha wanapiga. Hata jasho halijakauka wanaitwa tena wote sehemu moja, mtoano, siku nne tano mfululizo, anatafutwa bingwa mwingine wa konferensi ile ile! Na ukistaajabu ya Musa kuna ya Firauni, aliyefungwa fainali naye anaenda NCAA, yale mashindano ya ubingwa wa taifa, kama kawaida.

Mfano 2025 Big Ten. USC kamfunga UCLA mara mbili kwenye msimu, na UCLA mwaka mzima alikua hajafungwa na mtu mwingine yeyote zaidi ya huyo huyo USC. Wamekuja kukutana fainali ya mashindano pale Indianapolis, UCLA kashinda 72-67. Haya, bingwa wa Big Ten ni nani hapo? Alafu ratiba ya NCAA inatoka, wote wawili wamepewa namba 1. Sasa ile fainali walikua wanagombania nini? Wachezaji wenyewe wanaichukulia serious au ni maonyesho tu ya kuuza tiketi? Naomba jibu la mtu anayejua, sio matusi 😅

Kocha_wa_Sebuleni

Mkuu swali zuri, na linakuchanganya kwa sababu unaangalia konferensi kubwa tu. Huko juu mashindano haya ni kitu kimoja, huko chini ni kitu kingine kabisa, jina tu ndo linafanana.

Iko hivi. NCAA ya wanawake inachukua timu 68. Mwaka 2025 konferensi zilikua 31 na kila moja ilitoa timu moja ya moja kwa moja, na hiyo timu ni bingwa wa MASHINDANO, sio aliyeongoza msimu. Zilizobaki 37 zinachaguliwa na kamati inayokaa na makaratasi yake, inaangalia umecheza na nani, umemfunga nani, wapi, na umekaaje kwenye NET, ule mfumo wao wa kupanga ubora wa timu. Sasa UCLA na USC hata wangefungwa wote raundi ya kwanza kamati ingewachukua tu, kwahiyo kwao tiketi ilishakatwa zamani. Ila kwa konferensi ndogo kamati haina habari na wewe. Unaweza kuongoza ligi yako kwa raha zako, ukateleza siku moja kwenye mtoano, basi, mwaka umeishia hapo.

Huko kwa wakubwa wanagombania nafasi. Kamati inapanga timu kwa namba na timu 16 za juu kabisa, yaani namba 1 mpaka namba 4 kwenye kila upande kati ya pande nne za ratiba, zinaandaa raundi mbili za kwanza NYUMBANI kwao. Hiyo sio kitu kidogo, kwa wanaume haipo, wao wanacheza viwanja vya katikati. Kwahiyo timu iliyo kwenye mstari wa namba 4 na namba 5, mechi moja ya robo fainali ya konferensi inaweza ikaamua kama mechi zijazo atacheza mbele ya watu wake au anapanda ndege kwenda kuzomewa. Na huyo UCLA unayemsema, baada ya kumfunga USC ndo kamati ikamuweka wa kwanza kwenye zile timu zote 68. Sio bure ile.

Na kuhusu serious, tafuta kipande cha nusu fainali ya SEC 2024, South Carolina na Tennessee. South Carolina wameongoza kwa zaidi ya pointi 20, wakajisahau, Tennessee wakarudi mdogo mdogo mpaka wakapita mbele 73-71. Imebaki sekunde moja na kidogo. Mpira unarushwa kutoka pembeni, anaupokea Kamilla Cardoso, yule dada mrefu wa Brazil futi 6 na inchi 7, mtu wa kukaa chini ya kapu, ambaye tangu aanze chuo alikua hajawahi kufunga pointi tatu hata moja. Anageuka, anarusha, unagonga ubao, unaingia. 74-73. Timu ilikua haijafungwa mwaka mzima na rekodi yote iliokolewa na mtupo ule, wakaenda wakamaliza 38-0 na ubingwa wa taifa juu. Angalia wale wadada walivyomrukia afu uniambie ni maonyesho.

Sixth_Man_TZ

Umesahau pesa kocha 😂 Tangu 2025 timu ya wanawake ikicheza NCAA konferensi yake inalipwa, mwanzo ilikua hakuna kitu, wanaume wanalipwa miaka na miaka, wadada wanapigiwa makofi. Mfuko umeanza na dola milioni 15 na mpango ni ufike milioni 25 ndani ya miaka mitatu. Kwa SEC ni hela ya maji ya kunywa ila kwa konferensi ndogo ni hela ya kueleweka.

Dada_Rebaundi

Mimi naomba nipingane na kocha kidogo. Sio kwamba amedanganya, ila anaisifia sana hii kitu wakati kwa timu ndogo ni dhuluma tupu. Hebu fikiria umecheza mechi 18 au 20, umesafiri kwa basi usiku, umeshinda ugenini, umeshinda ukiwa na majeruhi, umeongoza msimamo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Siku moja mchezaji wako mkubwa anapata faulo mbili robo ya kwanza, mtupo haukubali, dakika 40 zimeisha na nafasi yako kaichukua mtu uliyemzidi mechi sita kwenye msimamo. Ni haki hiyo? Wanakupeleka WBIT, yale mashindano yaliyoanza 2024 ya timu 32, bingwa wa msimu aliyekosa NCAA anaingia huko moja kwa moja. Sawa, ni bora kuliko kukaa nyumbani, lakini hakuna binti aliyekua akilala anaota WBIT.

Konferensi ya Ivy League, ya kina Harvard, walikua na akili zao, mpaka 2016 hawakua na mashindano kabisa, ukiongoza msimu unaenda NCAA, kwisha. Wakaanza 2017, na angalau wao wanachukua timu nne tu za juu. Huo ndo utaratibu wa kistaarabu, kama wewe ni wa saba kwenye msimamo unatafuta nini kwenye ubingwa?

Kocha_wa_Sebuleni

Dada nakuelewa ila Ivy hao hao unaowasifia ndo wanakupinga. 2025 Harvard kamfunga Columbia fainali 74-71, Harvard kachukua tiketi ya moja kwa moja, alafu kamati ikawachukua na Columbia na Princeton. Timu tatu za Ivy kwa mpigo, haikuwahi kutokea. Na Columbia wakaenda wakamtoa Washington wa Big Ten kwenye mechi za awali. Bila mashindano ile ya tatu ingetoka wapi.

Dada_Rebaundi

Ingetoka kwa kamati kocha, Columbia si ndo waliongoza msimu? Wangepewa ile ya moja kwa moja, Harvard na Princeton wakachukuliwa na kamati. Usinichanganyie hesabu 😏

Mzee_wa_Benchi

Dada kakushika pabaya hapo kocha 😂😂

Ila mimi niseme kwanini nazipenda hizi za konferensi ndogo kuliko hata NCAA yenyewe. William & Mary 2025. Chuo cha mwaka 1693 hicho, pale Virginia, kwa ukongwe kinazidiwa na Harvard tu Marekani nzima. Timu ya wadada ya kikapu ilikua haijawahi kuingia NCAA hata mara moja. Wameingia mashindano ya konferensi yao, CAA, pale Washington DC wakiwa wamepangwa namba 9, mechi walizofungwa ni nyingi kuliko walizoshinda. Nani anawaangalia hao? Namba 9 kwa ratiba ilivyo anaanza na namba 8, akishinda anakutana na namba 1 moja kwa moja, yaani ni njia ya machinjioni.

Wameshinda ya kwanza. Wameshinda ya pili. Nusu fainali wamepita. Fainali na Campbell ilikua Jumapili ile ile ambayo jioni yake ratiba ya NCAA inatangazwa, siku ya nne mfululizo wanacheza, miguu imeisha, 66-63 wameshinda. Yaani mchana wako uwanjani wanakata nyavu, jioni wanasikia jina lao kwenye TV, wanaingia NCAA na rekodi ya kushinda 15 kufungwa 18. Na hawakuishia hapo, mechi ya awali wakamtoa High Point, ndo wakaenda kukutana na Texas wakapigwa 105-61. Pigo la mbwa koko, sawa, lakini unadhani hao wadada wanakumbuka ile 105? Dada Rebaundi kwa utaratibu wako hawa wangemaliza msimu mapema wanarudi darasani kusoma.

Dada_Rebaundi

Stori tamu mzee na mimi niliifurahia, sikatai. Ila kila ukiona timu kama hiyo inaruka ruka ujue kuna nyingine iko vyumba vya kubadilishia inalia, na kamera haziendi huko.

Mgeni_wa_Kikapu

Asanteni sana, nimefaidi. Kwahiyo kumbe kwa wakubwa ni kupangwa vizuri na kwa wadogo ni kufa na kupona. Swali la pili basi, hizo siku nne tano mfululizo zinakuaje kwenye mwili? Na naona timu nyingine zinaanza Jumatano nyingine zinaonekana Ijumaa tu, wanachelewa wapi?

Robo_ya_Nne

Hiyo naomba nijibu mimi. Kuchelewa kwao ndo zawadi ya kuongoza msimu, na hapa Dada Rebaundi atulie kidogo maana msimu haupotei bure. Chukua SEC, timu 16. Namba 9 mpaka 16 wanaanza Jumatano. Namba 5 mpaka 8 wanaruka raundi moja wanaanza Alhamisi. Nne za juu wanaruka raundi mbili, wanaanza Ijumaa robo fainali. Kwahiyo aliyeko juu anahitaji kushinda mechi tatu, aliyeko chini mechi tano kwa siku tano. Konferensi ya WCC pale Las Vegas wao wamezidisha, wawili wa juu wanasubiri nusu fainali, wengine huko chini wanapandishana kama ngazi.

Na bado inapinduka! Oregon State 2025, hao ndo waliachwa konferensi yao ya Pac-12 ilipovunjika, mwaka 2024 walifika nane bora NCAA, konferensi ikasambaratika na wachezaji wao wakubwa wakahama, mmoja Oklahoma, mmoja USC, mmoja UCLA. Waliobaki wakaenda kuomba hifadhi WCC. Kwenye msimamo hawakua vinara lakini kwenye mtoano wakamtoa Gonzaga nusu fainali 63-61, mtupo wa sekunde za mwisho kabisa, na fainali wakampiga Portland 59-46. Gonzaga kasubiri mpaka nusu fainali, kacheza mechi moja, karudi nyumbani. Hapo sasa kuruka raundi kumekusaidia au kumekuponza? Wenzako wameshazoea rimu za ule uwanja, wewe ndo kwanza unapasha.

Kuhusu uchovu, upo, ila kocha mzuri anapanga mzunguko wa benchi toka siku ya kwanza. Kikapu cha wadada vyuoni ni robo nne za dakika kumi kumi, faulo za timu zinafutwa kila robo, ukifika faulo ya tano kwenye robo mwenzako anapewa mitupo miwili ya bure. Timu iliyochoka utaijua hapo, miguu haifiki kwenye ulinzi mikono ndo inatangulia, robo ya nne wanagawa mitupo ya bure kama pipi.

Kentucky 2022 ndo mfano wangu wa siku zote. Namba 7, Nashville, siku nne mfululizo kampiga Mississippi State, kampiga LSU namba 2, kampiga Tennessee namba 3, Jumapili kakutana na South Carolina namba 1 ya nchi nzima ambao walikua wamefungwa mara moja tu. Zimebaki sekunde kama nne Dre'una Edwards kapiga pointi tatu, 64-62, uwanja umenyamaza. Sasa sikiliza kilichofuata, Kentucky kaenda NCAA kafungwa raundi ya kwanza na Princeton, South Carolina aliyefungwa fainali kaenda kubeba ubingwa wa taifa.

Sixth_Man_TZ

Hapo ndo najiulizaga kama Dawn Staley, kocha wa South Carolina, siku ile aliumia kweli au alijisemea afadhali imetokea huku 😂

Robo_ya_Nne

Aliumia bana, yule hapendi kufungwa hata mazoezini. Ila kuna faida moja watu hawaisemi, konferensi kubwa kama SEC, Big Ten na ACC wanamaliza Jumapili moja KABLA ya Jumapili ya kutangazwa NCAA. Kwahiyo wana siku kama kumi na zaidi za kupumzika na kutibu vifundo. Zile ndogo nyingi zinamaliza wiki inayofuata, wengine siku ile ile kama hao William & Mary, hawana hata siku ya kufua jezi.

Mgeni_wa_Kikapu

Na timu mbili zikilingana juu kabisa nani anakua namba 1? Maana naona hiyo namba ina mambo yake.

Mzee_wa_Benchi

Wanaanza kuangalia mlipokutana wenyewe kwa wenyewe, mkilingana wanaangalia matokeo dhidi ya wengine, kila konferensi na kanuni zake. Ikishindikana kote shilingi inarushwa. Usicheke, 2025 South Carolina na Texas wamemaliza 15-1 wote, wamefungana moja moja, kamishna wa SEC Greg Sankey kakaa mbele ya kamera karusha sarafu. South Carolina kapata namba 1. Wakaja kukutana fainali Greenville, ambako ni South Carolina huko huko, Texas kapigwa 64-45. Sarafu haikuhusika na pointi 19 lakini mashabiki wa Texas ukiwasikiliza utadhani ilihusika.

Sixth_Man_TZ

Greenville ndo kero yangu. Fainali 2024 South Carolina na LSU pale pale, ugomvi ule wa dakika za mwisho, Cardoso kamsukuma Flau'jae Johnson wa LSU kaanguka chini, benchi zote zimeingia uwanjani, kaka yake Flau'jae karuka meza ya waandishi wa matokeo kaingia na yeye, akaondoka na polisi. South Carolina wakashinda 79-72 ila wachezaji waliobaki wanaoruhusiwa kucheza walikua wa kuhesabu. Cardoso akafungiwa mechi ya kwanza ya NCAA.

Dada_Rebaundi

Ndo mlitaka mjue kama wanaichukulia serious 🙄

Kocha_wa_Sebuleni

Mgeni kama unataka ushauri wa wapi uanzie, fainali za wakubwa utaziona tu hazikimbii. We tafuta fainali ya Big Ten 2024 pale Minneapolis kwanza, Iowa na Nebraska, ule mwaka tiketi za mashindano yote ziliisha kabla hayajaanza, mara ya kwanza kwenye historia yao. Clark kipindi cha kwanza alikua hovyo kabisa, kila anachorusha kinatoka, Nebraska wanaongoza wanajiona wamemaliza. Kafunga 34 na karibu zote zimekuja baada ya mapumziko, wakaenda muda wa nyongeza, 94-89. Ukimaliza hiyo njoo kwenye ndogo, wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mechi nyingi wanaanza mchana kwa saa za Marekani, ukumbi nusu mtupu na bado watu wanajitupa sakafuni kugombania mpira kama hakuna kesho.

Mgeni_wa_Kikapu

Nimeipata hiyo ya Iowa naiangalia sasa hivi, robo ya pili. Kweli bana dada wa watu mtupo umemkataa kabisa 😂 ntarudi.